Wake Wawili wa Robert Pask

Mwanamume aliyenizuia kuolewa na Edwin Pask alikuwa amezikwa miaka mia na sabini kabla mimi sijazaliwa. Aliitwa Robert Pask, na kosa lake, kwa maneno ya Shangazi Agnes, ni kwamba alioa mke wa pili hali wa kwanza bado yu hai. Huyo mke wa pili alikuwa Susan Borrett, binti wa ukoo wetu. Kwa sababu hiyo akina Borrett hawaolewi na akina Pask, na mimi, Thirza Borrett, mwalimu wa shule ya kijiji cha Cransby, mwenye miaka ishirini na minane na akili zangu timamu, nilikuwa nimemaliza majira mazima ya baridi nikimlaani marehemu ambaye hata kaburi lake halionekani tena.

Cheka ukitaka. Edwin naye alicheka nilipomweleza mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka.

Nisimsingizie Shangazi ubaya. Yeye ni dada wa baba yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, baba akawa mtu wa kukaa dirishani tu, na Shangazi ndiye aliyenifunga kamba za viatu na kukesha nami nilipougua surua. Hakuolewa. Alichokuwa nacho ni ukoo. Sebuleni kwetu kulikuwa na makopo kumi na moja ya biskuti, yasiyo na biskuti. Ndani yake mlikuwa na vipande vya karatasi, kila kimoja na mtu mmoja na jambo moja: kabatizwa, kaoa, kazikwa. Alivinakili kwa mkono wake kutoka vitabu vya parokia, akavipanga kwa mwaka, na ndani ya mwaka kwa mwezi, Januari mbele na Desemba nyuma. Kutoka kwangu alirudi kwa baba, kwa babu yangu George aliyekuwa mzee wa kanisa, kwa baba yake George aliyekuwa seremala, akazidi kurudi hivyo hivyo vizazi tisa mpaka kwa Thomas Borrett, aliyebatizisha mtoto mwaka 1598 na ambaye hatujui kitu kingine chochote juu yake. Shangazi alimpenda sana Thomas. Alimtaja kama mtu anayeweza kupita kunywa chai.

Kopo moja tu lilifungwa kwa uzi, la miaka ya 1700 hadi 1750. Lilifungwa mwaka 1920, na kijiji kizima kinajua kwa nini.

Mwaka huo Shangazi alikuwa na miaka ishirini na sita na pete ya Ambrose Pask kidoleni. Ambrose ni baba yake mkubwa Edwin. Shangazi alitaka kumpa zawadi ya harusi ambayo hakuna bibi harusi mwingine angeweza kuitoa: chati ya koo zote mbili, Borrett na Pask, mpaka pale zilipokutana zamani. Akazipata. Zilikutana kwa Robert. Kipande kimoja kilisema Robert Pask na Susan Borrett wameoana tarehe 9 Februari 1731. Kingine kilisema Mary, mke wa Robert Pask, amezikwa tarehe 20 Novemba 1731. Februari hadi Novemba ni miezi tisa ya wake wawili, na akina Pask wote wa Cransby wametoka kwa mtoto wa Susan.

Babu George hakuwahi kumpenda Ambrose, na karatasi zile zilimpa sababu. Alisema damu haibadiliki. Shangazi hakukubali papo hapo. Alikwenda kwa Ambrose kumuuliza anaonaje, na Ambrose, kijana aliyekuwa anakamua ng'ombe, aliangua kicheko. Shangazi akasema mtu anayecheka jambo kama hilo anaweza kulifanya. Akavua pete, akaiweka juu ya kigoda cha kukamulia, akarudi nyumbani.

Hakuna kati yao aliyepata mwingine. Ambrose ndiye mkuu wa wapiga kengele, na kila Alhamisi alasiri hupanda mnarani kupaka mafuta na kukagua kamba. Shangazi ndiye anayepanga maua altareni, Alhamisi hiyo hiyo. Ambrose hutumia mlango wa kusini, Shangazi wa kaskazini. Miaka thelathini na mitano wamekwepana ndani ya kanisa moja, na wote wawili wana macho.

Kwa hiyo Edwin aliponiomba, wakati wa mavuno, nilirudi nyumbani nikamwambia Shangazi. Aliweka birika chini, akauliza ni Pask yupi, kana kwamba yupo mmoja anayefaa. Nikamtaja. Akamimina chai vikombe viwili.

"Sitakuzuia, mwanangu," alisema. "Wewe ni mtu mzima. Lakini kanisani siku hiyo usinitafute."

Angenikataza, ningegombana naye na kushinda. Hakunikataza. Nilimjibu Edwin kwamba siwezi, bado. Akauliza tena wakati wa Krismasi, nikajibu vile vile, na nilimwona usoni kwamba hataendelea kuuliza milele.

Sasa ilikuwa Alhamisi, tarehe 24 Machi 1955, na muda wetu ulikuwa umekwisha. Edwin alikuwa amepata shamba la kukodi kaunti ya Lincoln, mbali na Cransby. Mkataba wake ulianza kesho yake, tarehe 25, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Kwetu wakulima huiita Siku ya Bikira tu, na ndiyo siku ya kuhama mashamba.

Alinikuta kanisani baada ya shule, katika kile chumba cha nyuma anamovalia kasisi. Vitabu vya parokia vinakaa humo ndani ya sanduku la chuma, na havitoki nje ya kanisa hata kwa amri ya nani. Nilikuwa na ufunguo kwa sababu binamu mmoja wa Australia alikuwa ameandika kuomba nakala ya chati, kila jina likiwa limehakikiwa na kutiwa sahihi. Macho ya Shangazi yalikuwa yamefifia, hivyo kazi ya kuhakiki ilikuwa yangu: kidole kimoja kwenye kipande cha karatasi, kidole kingine kitabuni, vikilingana natia alama ya penseli. Nilianza na miaka ya karibuni nikirudi nyuma, na makopo yote ya baada ya 1750 nilikuwa nimeyamaliza. Asubuhi ile Shangazi alinisogezea lililofuata, lenye uzi, akaenda bustanini.

Edwin alivua buti mlangoni, akaingia kwa soksi, moja imetoboka kidole gumba. Ana mabega mapana na kichwa cha nywele zisizosikia kitana, na kila akiingia chumba kidogo huinama kidogo hata pasipo haja. Nilimtazama mara moja, nikarudisha macho kwenye karatasi, maana nilijua nikimtazama mara mbili nitalia, na wino wa miaka mia mbili haupendi maji.

"Lori linakuja saa kumi na mbili asubuhi," alisema.

"Najua."

"Ng'ombe wameshahesabiwa. Meza nimeifunga. Nina viti viwili, Thirza. Nimebeba viwili."

Nilichonga penseli. Akavuta kigoda cha kasisi, akakaa upande wa pili wa meza, magoti yake yakagusa yangu chini ya mbao. Hakuna aliyeyaondoa. Juu ya dari tulisikia hatua za Ambrose mnarani, taratibu, akienda kengele hadi kengele.

Edwin aliuliza nafanya nini. Nikamwonyesha kopo. Akalitazama kwa muda kama mtu anayetambulishwa kwa adui yake.

"Yumo humu?"

"Yumo."

"Haya, basi tumtoe tummalize. Nisome wapi?"

Nilimpa vipande asome, mimi nitafute kitabuni. Ana sauti nzuri ya kusoma, nzito, isiyo na haraka, na nilisikiliza nikijua kwamba kesho saa kama hii sitaisikia. Tuliruka moja kwa moja hadi 1731.

"Tarehe 9 Februari 1731," alisoma. "Robert Pask na Susan Borrett. Wameoana." Akaongeza, "Mungu awasamehe, maana mimi bado."

Nilipata mahali mwaka 1731 unapoanzia. Katika kitabu kile ubatizo, ndoa na mazishi vimechanganywa pamoja, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko wa karani aliyeandika kama kuku anayechakura. Nikapitisha kidole. Mstari wa kwanza wa 1731 ulikuwa wa tarehe 27 Machi. Februari haikuwepo. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja: ilikuwapo Februari, lakini ya 1730, na Robert hakuwamo.

"Hayupo," nilisema.

"Basi hawakuoana. Tumekwisha. Vaa koti twende."

"Edwin, nyamaza kidogo."

Nilishuka na kidole. Aprili, Mei, mavuno, watoto wawili wa Spall wamezikwa wiki moja. Tarehe 20 Novemba 1731, Mary, mke wa Robert Pask, amezikwa. Huyo nilimtarajia. Nikageuza ukurasa. Desemba 1731. Halafu Januari 1731. Halafu, mistari mitatu chini, tarehe 9 Februari 1731, Robert Pask na Susan Borrett.

Nilisema karani amechanganya, labda alisahau ndoa akaja kuiandika baadaye. Edwin alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, mkono wake kwenye mgongo wa kiti changu. Alinukia majani makavu na sabuni. Akainama, akasoma polepole, kidole chake kinene kikielea juu ya ngozi ya kitabu bila kuigusa, kama nilivyomfundisha.

"Hajachanganya," alisema. "Wino ni ule ule, unafifia na kuchovywa tena, unafifia na kuchovywa tena. Ameandika siku baada ya siku. Soma chini."

Nilisoma. Tarehe 24 Machi 1731, mjane Garrod amezikwa. Mstari uliofuata, tarehe 26 Machi 1732, binti wa msaga unga amebatizwa.

"Mwaka umeruka katikati ya Machi," nilisema.

"Katikati wapi, bwana? Ishirini na tano. Siku ya Bikira." Aligonga meza kwa ukucha. "Ni kesho, Thirza. Ndiyo siku ninayohama. Mkataba wangu unasema hivyo, kutoka Siku ya Bikira hadi Siku ya Bikira. Baba mkubwa anasema zamani mwaka wa kila mtu ulikuwa hivyo, siyo wa wakulima peke yetu."

Niliona aibu, na nitaisema. Mimi huwafundisha watoto kila mwaka habari ya kalenda iliyobadilishwa kwa sheria mwaka 1752, jinsi siku kumi na moja zilivyofutwa, na watoto hupenda sana. Kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo iliyouleta mwanzo wa mwaka mpaka Januari nilisoma chuoni nikalisahau. Kabla ya hapo mwaka mpya wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Januari na Februari zilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka. Novemba 1731 ilikuja kwanza, na Februari 1731 ikaja baadaye.

Mary alikufa. Ndipo Robert akaoa.

"Wiki kumi na moja tu," nilisema, nikihesabu kwa vidole. "Alikuwa na haraka."

"Alikuwa na watoto wanne wadogo na ng'ombe wa kukamua. Mimi namwelewa." Edwin alikuwa anacheka sasa, na mikono yake ilikuwa mabegani mwangu. "Kwa hiyo alikuwa mume halali wa Susan. Kwa hiyo hata mimi ni Borrett kidogo. Unanisikia? Nimekataliwa na watu wangu mwenyewe."

Nilicheka naye. Niligeuka kitini, nikamtazama mara ya pili na ya tatu bila kujali wino, na kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kaunti ya Suffolk. Kisha hatua za Ambrose zikapita tena juu ya vichwa vyetu, na furaha ikanitoka.

Edwin aliona. Hakuwa na haja ya kuuliza.

"Usimwambie," alisema.

"Ni lazima."

"Lazima ya nani? Mwandikie yule wa Australia tarehe sahihi, litie kopo uzi, njoo na mimi. Ana miaka sitini na moja. Utamwambia nini? Kwamba alimtupa mtu kwa sababu ya kusoma vibaya? Utampa nini badala yake?"

Nilimwambia sina cha kumpa. Nilimwambia pia kwamba bila kosa hili kujulikana siwezi kuolewa nikiwa na baraka yake, na kwa kosa hili kujulikana naweza kuwa nimenunua baraka hiyo kwa maisha yake yote. Nilikuwa nimeshika kipande cha Februari mkononi. Maandishi ya Shangazi ya ujanani yalikuwa ya duara, yenye furaha, kama ya msichana anayetayarisha zawadi.

"Mimi ningetaka kujua," nilisema mwishoni. "Hata kama inaumiza. Na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitabu husomwa kilivyoandikwa."

Edwin alirudisha kigoda mahali pake. Kisha akasema atanisubiri pale pale, na kwamba nisipoambiwa kitu kizuri nyumbani, nirudi hata hivyo.

Ilikuwa Kwaresima, altareni hapawekwi maua, hivyo nilimkuta Shangazi nyumbani jikoni, akikata mashina machachu ya rubarbi kwa ajili ya pai. Nilimwomba aje kanisani. Aliuliza kama kuna kosa kwenye kopo. Nikasema naomba aone mwenyewe. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akavaa kofia yake ya kijivu mbele ya kioo, akaichoma pini mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikwenda upande.

Edwin alisimama tulipoingia.

"Bi Borrett."

"Bwana Pask. Soksi yako imetoboka."

"Ndiyo, Bi."

Nilimwekea kiti, taa na kioo chake cha kukuzia maandishi. Sikueleza kitu. Nilifungua ukurasa wa Novemba, nikaweka vipande vyake viwili kando. Alianza kwa Mary, akageuza, akashuka mstari kwa mstari. Niliona kioo kikisimama Januari. Kikasimama Februari. Kikaenda mpaka Machi, kwenye mjane Garrod na binti wa msaga unga, kikarudi juu, kikashuka tena. Alifanya hivyo mara tatu. Nilisikia saa ya mnarani ikigonga saa kumi na moja, na sikumbuki kusikia kitu kingine.

Alipoweka kioo chini, mkono wake ulikuwa imara.

"Kitabu kilikuwa sawa," alisema. "Mimi ndiye niliyekivuruga. Nilinakili kwenye karatasi, kila mtu na yake, nikazipanga Januari mbele. Ningeziacha zilivyokuwa, ningeona."

"Hukujua, Shangazi."

"Ningerudi kuangalia ningejua. Sikurudi. Nililifunga kopo." Alitazama vipande viwili. "Baba yangu hakuniamulia, mwanangu, watu hupenda kusema hivyo. Alinipa maneno tu. Karatasi nilimpelekea mimi."

Nilimwambia pole. Neno lilitoka dogo, na nilianza kulia, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Alinipa leso yake.

"Usinipe pole. Nilikutuma uhakiki, umehakiki. Nipe kalamu."

Nilimpa. Alichukua kipande cha Februari, na mwisho wa 1731 akaongeza mkwaju na tarakimu moja, ikawa 1731/2. Alipuliza wino mpaka ukakauka. Akaniambia hivyo ndivyo wenye kujua wanavyoandika tarehe za kabla ya Siku ya Bikira, na nikiandika kwa binamu wa Australia niandike hivyo hivyo. Halafu akamgeukia Edwin.

"Lori saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, Bi."

"Na huyu unamwacha?"

"Sijapata jibu lake."

"Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Muulize ya tatu. Hapa, mbele yangu, tena kwa sauti. Sitaki kusikia baadaye kwamba kuna mtu hakusikia vizuri."

Edwin akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliniuliza. Hakupiga goti, maana chumba ni kidogo na sanduku la chuma linakula nafasi. Alisimama tu na soksi yake iliyotoboka, akasema, "Thirza, utakuja?" Nikasema ndiyo. Nikasema shule ikifungwa kwa Pasaka nitakuja kuona viti hivyo viwili, na tutaoana hapa Cransby mwezi wa Juni, ambao ni Juni katika kalenda zote. Shangazi alitikisa kichwa kukubali, akasema atakuja kanisani, na kwamba nguo yangu ya bluu haifai kuolewa nayo.

Edwin alinishika mkono juu ya meza. Mkono wake ulikuwa na joto, na sikuona aibu kwamba Shangazi anauona.

Ndipo tukasikia hatua zikishuka ngazi za mnara.

Kwa miaka thelathini na mitano hatua zile zilikuwa ishara ya Shangazi kuchukua mkoba wake na kutoka kwa mlango wa kaskazini. Alisimama. Alichukua mkoba. Alinyoosha kofia. Kisha akatoka chumbani na kwenda moja kwa moja katikati ya kanisa, mpaka chini ya mnara, akasimama mbele ya kile kilango kidogo. Mimi na Edwin tulibaki kizingitini. Ningesema tuliona haya kusikiliza, lakini hatukuona.

Ambrose alitoka akiwa ameinama, mikono myeusi kwa mafuta, kitambaa begani. Ni mzee mrefu aliyenyooka bado. Alipoinua kichwa akamwona, alisimama pale pale, nusu ndani nusu nje.

"Agnes," alisema.

"Ambrose. Mary alikufa Novemba."

Alifikiri. "Mary yupi?"

"Mke wa Robert. Alikufa kwanza. Robert alioa Februari iliyofuata. Mwaka wao ulianzia Machi na mimi niliuhesabu kuanzia Januari." Alikuwa anasema akiwa amesimama wima, kama mtoto anayesoma somo mbele ya darasa, na hapo tu ndipo sauti yake ilipokatika. "Nilisoma vibaya. Hukuwa na kosa, wala yeye hakuwa nalo. Nimechelewa kukwambia miaka thelathini na mitano."

Ambrose hakucheka. Alitoa kitambaa begani, akafuta kidole kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Niliogopa kwamba atapita tu, na angekuwa na haki.

"Mimi nilicheka," alisema. "Siku ile. Nimeifikiria sana. Haikuwa siku ya kucheka."

"Haikuwa."

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Machi?"

"Unajua ni Machi, Ambrose."

"Basi kwa hesabu ya Robert mwaka bado haujaisha," alisema. "Hujachelewa. Una mpaka kesho."

Shangazi alimtazama. Kisha akacheka, kwa sauti, mkono kifuani, mpaka kofia ikaenda upande. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuisikia sauti ile. Ambrose alisubiri mpaka amalize, akakagua mkono wake wa kulia kama umetakata, akampa. Wakatoka kwa mlango wa kusini.